Sekunde Tano za Kumsubiri Mtoto

Kila muhula ukianza, hakosi mzazi wa kunisimamisha mlangoni na kuniuliza: "Mwalimu, nimuwekee nini huyu kwenye simu?" Wanauliza kwa nia njema. Mtoto ana miaka minne, simu ipo nyumbani, bando siku moja lipo na siku nyengine halipo, na jirani ameshasimulia kwamba mwanawe anahesabu mpaka ishirini kwa Kiingereza kwa kutazama katuni tu. Ninafundisha skuli ya maandalizi huku shamba, Unguja, na swali hili silichukulii wepesi. Jawabu langu huwa ni kumuuliza na mimi: hicho unachotaka kumuwekea, kikimuuliza jambo, kinamsubiri ajibu?

Wengi hawajawahi kuliangalia hilo. Nawaomba wakae na mtoto kipindi kimoja tu, wasiitazame katuni, wamtazame mtoto mdomoni. Katuni inauliza, "Hii rangi gani?" Kabla mtoto hajavuta pumzi imeshajijibu yenyewe, kengele zimelia, picha imebadilika. Mtoto hakukosea wala hakupatia, kwa sababu nafasi ya kujibu hakupewa. Baada ya nusu saa ametulia tuli, na sisi wakubwa tunauona utulivu ule tukadhani ni kusoma.

Mtoto wa umri huo ana kazi kubwa ya kufanya baina ya swali na jibu. Alisikie swali lote, ajue kwamba anaulizwa yeye, atafute neno, kisha apate ujasiri wa kulitoa mbele ya wenzake. Sekunde tano kwa mtu mzima ni nyingi, anaona kama darasa limeharibika. Kwa mtoto ndiyo kwanza anaanza. Mwalimu mzuri wa maandalizi utamjua hapo: ameuliza, amenyamaza, macho yako kwa mtoto, na hamvamii.

Miongoni mwa waliolifanyia kazi jambo hili mapema kwa kutumia chombo walikuwa watu wa redio. Katikati ya miaka ya 1970 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Stanford cha Marekani walishirikiana na Nicaragua kutengeneza masomo ya hesabu ya redio kwa madarasa ya chini. Sauti iliuliza, halafu redio ikanyamaza. Watoto wakajibu kwa pamoja, au wakaandika, au wakasimama wakaruka, ndipo redio ikatoa jibu lililo sahihi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 njia hiyo ikaingia Kenya kwa kufundishia Kiingereza madarasa ya mwanzo. Mwaka 2006 ikafika Zanzibar kupitia RISE, mradi wa kufundisha kwa redio uliotekelezwa na EDC, shirika la elimu la Marekani, pamoja na Wizara ya Elimu kwa fedha za USAID, shirika la misaada la serikali ya Marekani.

Mwaka ule ulikuwa na uzito wake. Sera ya Elimu ya Zanzibar ya 2006 ndiyo iliyoingiza miaka miwili ya maandalizi katika mfumo rasmi wa elimu. Kuandika kwenye sera ni jambo la siku moja. Kuwapata walimu waliosomea kukaa na watoto wa miaka minne na mitano, Unguja na Pemba, mpaka vijiji ambavyo skuli iko mbali, hilo si la siku moja. Ndipo redio ikapata kazi. Vikaanzishwa vituo vya TuTu, yaani Tucheze Tujifunze, katika jamii zenyewe, na mtu mzima wa pale kijijini akawa ndiye msimamizi, na redio ikawa inamfundisha mtoto na msimamizi kwa mpigo mmoja.

Hapo ndipo ninapotaka tukae kidogo, kwa sababu ufundi wake ni mkubwa kuliko unavyoonekana. Redio haina masikio. Haijui kama watoto wamejibu, wamenyamaza au wanapigana. Kwa hiyo mwandishi wa kipindi inambidi ajue mapema mtoto atahitaji muda gani kuhesabu vizibo vitatu, na muda gani kusimama, kujipanga duara na kushikana mikono. Hawezi kulijua hilo akiwa studio. Lazima auchukue mswada wake, aende darasani, akae nyuma na saa mkononi, aangalie. Kimya kikiwa kifupi, mwalimu anabaki kukimbizana na redio. Kikiwa kirefu, watoto wa nyuma wanaanza kusukumana. Basi anarudi, anarekebisha, anajaribu tena mahali pengine. Kimya kile unachokisikia kwenye kipindi kilichotengenezwa vizuri kimepimwa kwa watoto wenyewe.

Na redio inazungumza na watu wawili. Inasema, "Mwalimu, mpe kila mtoto vizibo vitano," kisha inapiga muziki mpaka vizibo vigawiwe. Halafu inageukia watoto: "Nyanyueni kimoja. Mkiweke mbele yenu. Kimoja. Chengine. Sasa ni vingapi?" Kimya. Darasa zima, "Viwiliii!" Redio inasema, "Naam, viwili," na wale waliosema vitatu wanatazama tena vizibo vyao bila ya kuaibishwa na mtu. Msimamizi ambaye hakupata kwenda chuo cha ualimu ameendesha somo la hesabu la vitendo, kwa mpangilio mzuri, na kesho ataweza kulirudia hata betri zikiwa zimekwisha. Ndiyo maana napenda sana njia hii: inamwachia mtu mzima ujuzi.

Ina taabu zake. Mvua ya masika ikipiga kwenye bati, redio haisikiki hata uiweke juu ya meza katikati ya darasa. Kipindi kikishapita hewani kimepita, mwalimu aliyechelewa daladala amekikosa. Siku hizi tatizo hilo lina dawa: sauti unaiweka kwenye kadi ya memori, unaichomeka kwenye spika ndogo ya kuchaji, na mvua ikija unasimamisha, unasubiri ipite, unaendelea. Mtoto kiziwi, lakini, redio haimfai kwa namna yoyote, na katika kila shehia wapo. Yeye anahitaji picha na Lugha ya Alama, na kwake skrini yenye mtu anayeonesha alama kwa utaratibu ni mlango wa darasa. Nikisikia mtu anasema skrini zote ziondolewe kwa watoto, namkumbuka mtoto huyo.

Bibi zetu walikijua kimya hiki zamani. Bibi akisema "Paukwa!" hasemi neno la pili mpaka asikie "Pakawa!" Akitega kitendawili anasubiri, na watoto wakishindwa anaomba apewe mji, na mji wanautaja wao. Hadithi haiendi bila ya wasikilizaji kuisukuma. Katikati anauliza, "Sungura akafanyaje?" naye anajua vizuri sana sungura alifanyaje. Anayoyatafuta ni maneno ya mtoto. Watu wanaotengeneza programu za watoto wa Kiswahili wangekaa barazani jioni moja na bibi kama huyo, wangepata somo ambalo hawatalipata kwenye mafunzo mengi.

Sayansi nayo imesema neno lake. Mwaka 2003 Patricia Kuhl na wenzake wa Chuo Kikuu cha Washington, mjini Seattle, walichapisha utafiti uliofanywa kwa watoto wachanga wa Marekani wa miezi tisa. Kundi moja lilikaa na watu waliowasomea na kucheza nao kwa Kichina. Kundi jengine lilipata wasomaji walewale na vitabu vilevile kwa video, na wengine kwa sauti tupu. Waliokaa na watu walijifunza kutofautisha sauti za Kichina. Waliopewa video na waliopewa sauti hawakujifunza. Vitabu vilikuwa vilevile. Aliyekosekana ni mtu wa kumtazama mtoto na kumjibu. Kwa mtoto mchanga, basi, sina la kumwambia mzazi zaidi ya hili: mtoto wako anakutaka wewe, simu iweke mbali. Shirika la Afya Duniani nalo, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, halipendekezi skrini kabisa kwa mtoto wa chini ya mwaka mmoja, na kwa wa miaka miwili mpaka minne linasema isizidi saa moja kwa siku, na ikipungua ni bora zaidi.

Kwa hawa wangu wa miaka minne na mitano mambo ni tofauti, na hapa siwezi kuwaunga mkono wanaosema televisheni haifundishi. Ubongo, shirika lililoanzia Dar es Salaam, linatengeneza katuni ya Akili and Me kwa watoto wa miaka mitatu mpaka sita. Akili ni mtoto wa kike wa miaka minne anayeishi chini ya Mlima Kilimanjaro, na akilala anaingia nchi ya ndoto alikokuta marafiki wanyama. Anazungumza Kiswahili, nyumba yao inafanana na nyumba tunazozijua, na nyimbo zinarudiwa mpaka mtoto anaziimba peke yake akiteka maji. Utafiti uliofanywa Morogoro na kuchapishwa mwaka 2018 uliwalinganisha watoto wa maandalizi waliotazama katuni hiyo na wenzao waliotazama vipindi vyengine. Waliotazama Akili walifanya vizuri zaidi katika kuhesabu, kutambua tarakimu na kujua maumbo. Lakini utafiti ule wa Morogoro ulifanywa darasani, watoto wakiwa pamoja. Mtoto anayeimba na wenziwe hayuko sawa na mtoto aliyewekewa simu pembeni ya jiko ili mama apike.

Mfano mwengine uko ng'ambo ya mkondo, Tanga. Mashindano ya Global Learning XPRIZE, ya kutengeneza programu za kumfundisha mtoto kusoma bila ya mwalimu, yalipeleka vishikwambi (tableti) kwa karibu watoto 3,000 katika vijiji 170 vya mkoa ule. Walikuwa wakubwa kuliko wangu, watoto ambao skuli iliwapita. Kabla ya kuanza, zaidi ya asilimia 90 yao hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Miezi 15 baadaye idadi ya wasioweza ilikuwa imepungua kwa nusu. Mwezi Mei 2019 washindi wakatangazwa, Kitkit School na onebillion, wakagawana zawadi ya dola milioni 10. Ni kazi ya kuheshimiwa. Mtoto wa kijijini, kwa Kiswahili, kwa umeme wa jua, amefundishwa kusoma na kishikwambi. Lakini hesabu hiyohiyo inasema karibu nusu walimaliza miezi 15 bado hawajui kusoma neno. Wale ndio waliomhitaji mwalimu zaidi.

Vishikwambi vina sifa ambayo redio haina: vinasubiri kweli. Mtoto akichelewa dakika nzima, picha inabaki palepale. Ila kinachosubiriwa ni kidole. Mtoto wa miaka minne anajifunza upesi sana kwamba akigusa hapa ikikataa, aguse pale, aguse na pale, mwishowe itakubali na nyota zitamwagika. Nimekaa na watoto wanaofanya hivyo. Nikimuuliza mmoja kwa nini amechagua hiki, ananitazama tu. Kinywa hakikuhitajika. Na umri huu kazi yake kubwa ni kinywa: kusema sentensi nzima, kuomba, kukataa kwa maneno, kueleza alichokiota. Ndiyo maana watoto wakitumia vishikwambi mimi huwaweka wawili wawili kwenye kimoja, na sharti ni kwamba mmoja haruhusiwi kugusa mpaka amemwambia mwenziwe anataka kugusa wapi na kwa nini. Kelele zinakuwa nyingi. Kelele hizo ndizo ninazozitaka.

Mwisho wa mwaka 2022, vishikwambi vilivyotumika kwenye Sensa ya Watu na Makazi vilianza kugawiwa kwa walimu. Tangu hapo nimekuwa nikiulizwa na walimu wenzangu programu gani nzuri ya kupakua. Mimi matumizi ninayoyapenda zaidi hayana hata programu ya kupakua. Ni kamera na kinasa sauti, ambavyo vimo tayari.

Kamera: tunatoka nje na watoto, kila mmoja anachagua kitu, anakipiga picha. Kokwa la embe, ndara, mkia wa paka, ufa wa ukuta. Tukirudi tunakaa kwenye mkeka, picha inapita mkononi kwa mkononi, na mwenye picha anasema ni nini na aliikuta wapi. Hakuna anayejua jibu ila yeye. Mtoto ambaye nikimuuliza "hii ni rangi gani" hufunga mdomo, siku ya picha yake anazungumza mpaka wenziwe wanamwambia basi.

Kinasa sauti: palikuwa na mtoto wa kike hasemi darasani, nyumbani wanasema anasema sana. Nikawa nawarekodi wote wakiimba, kisha tunasikiliza. Alipojisikia sauti yake miongoni mwa wenzake alishika kishikwambi kwa mikono miwili akakileta sikioni, akaniambia, "Rejesha." Nikarejesha. Akasema tena, "Rejesha." Kisha akaimba juu ya sauti yake mwenyewe, taratibu, mara hii wenziwe wamenyamaza wanamtazama. Hakuna wimbo wa kununua ungefanya hivyo, kwa sababu aliyekuwa ndani ya kile chombo ni yeye.

Kwa hadithi ninatumia African Storybook, maktaba ya bure iliyoanzishwa na taasisi ya Saide ya Afrika Kusini, yenye hadithi za picha kwa lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwemo. Leseni yake inaruhusu kunakili na hata kutafsiri. Darasa langu ni kubwa, na kioo cha kishikwambi wa mstari wa tatu hawakioni, kwa hiyo picha mbili tatu za hadithi nazichora upya kwenye karatasi za manila kwa kalamu nene, nazitundika, nasoma huku kishikwambi kiko mapajani mwangu. Watoto hawakioni kabisa, na sioni tatizo. Kimefanya kazi yake usiku, nilipokuwa naandaa somo.

Skuli zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, wengi wetu tulikimbilia kwenye kikundi cha wazazi cha WhatsApp. Kutuma video kulikuwa kumfilisi mzazi bando. Sauti ni nyepesi. Nikawa natuma hadithi fupi kwa sauti yangu, na kila baada ya sentensi kadhaa nauliza na kunyamaza. Bibi mmoja akanipigia: "Mwanangu, sauti yako inakatika katika." Nikamwambia, "Shikamoo bibi. Haikatiki, pale ndipo mjukuu wako anapojibu." Akacheka, akasema kumbe ni paukwa. Kuanzia siku ile akawa ananirejeshea majibu ya mjukuu wake, na yeye mwenyewe anaongezea swali lake mwisho.

Nilijifunza pia saa ya kutuma. Nyumba nyingi zina simu moja yenye intaneti, na simu hiyo inaondoka na baba alfajiri, inarudi magharibi. Ukituma saa tatu asubuhi umemtumia baba aliyeko kazini. Nilipoanza kutuma baada ya sala ya magharibi, watoto wakasikiliza wakiwa na wazee wao, chakula kikisubiriwa. Mipango mikubwa ya kusomesha kwa simu inapangwa na watu ambao kila mtu wa nyumbani kwao ana simu yake. Swali la nani anaishika simu na saa ngapi liwe la kwanza kuulizwa, kabla ya swali la programu.

Kwa mzazi anayeniuliza mlangoni, basi, maelezo yangu ni mafupi. Chagua cha Kiswahili, au cha lugha mnayozungumza nyumbani. Chagua kinachokwenda polepole. Tazama naye. Kikiuliza, bonyeza kisimame, msubiri. Kikimalizika, zima, na jambo lilelile lifanyeni kwa mikono: kama kilihesabu maembe, hesabuni vitunguu kabla havijaingia chunguni. Kama huna muda wa kukaa naye leo, mpe unga kidogo na maji, au mwache nje na wenziwe, atajifunza zaidi huko.

Kwa wenye kutengeneza vipindi na programu naomba jambo ambalo halina gharama kubwa. Njooni mjaribu kazi yenu katika darasa lenye bati, watoto wengi na spika moja, na mwalimu aliye peke yake. Kaeni nyuma na saa. Andikeni na maneno ya kumwambia mtu mzima afanye nini, si mtoto peke yake. Na wizara zetu, Bara na Visiwani, wanapompa mwalimu mpya wa maandalizi kishikwambi, wampe pamoja nacho kadi ya memori yenye vipindi vya sauti vya Kiswahili vilivyokwisha kupimwa kwa watoto, vya hesabu, hadithi na michezo, vipangwe kwa wiki za muhula, na kwenye kila kipindi iandikwe vifaa vya kukusanya kabla: vizibo, vijiti, majani, kamba. Siku ya kwanza kazini mwalimu huyo awe na somo la kuanzia, na vizibo ameshavikusanya.